Picha za Mke Mwenzangu

Mjukuu wangu huyu, ambaye mimi humwita mke mwenzangu kwa kuwa marehemu babu yake alimdekeza kunishinda, aliitwa kwenye usaili kwa daktari wa meno. Kazi ya mapokezi. Alikuwa ameihangaikia mpaka mashavu yamebonyea. Badala ya kupiga pasi gauni, alishinda kitandani na simu.

Jioni nilifungua ukurasa wake wa mtandaoni nikamkuta mtu simjui. Kavaa koti la shangazi yake, kakunja mikono, hata jino halionekani. Chini kaandika kwamba huamka alfajiri na hupenda kusoma vitabu. Nami, kama kawaida yangu, nikatega kitendawili palepale: yuko chumbani anakoroma, yuko kwenye simu kaamka. Kikafutwa kabla hajatokea wa kukitegua.

Picha zake nyingine zote hazikuwepo. Ile anacheza harusini viatu mkononi, ile ya uso mzima unga, ile kalala fofofo juu ya kaunta ya duka la mjomba wake. Nikajua simu imezimeza, maana ilishawahi kutumbukia kwenye beseni la nguo. Masikini, nikasema, usaili kesho na picha hana.

Bahati nzuri simu yangu huhifadhi kila anachonitumia. Mwenyewe ndiye aliyeitengeneza hivyo. Nikazipandisha zote kwenye ukurasa wangu, kwa kidole kimoja, na jina lake kamili juu. Nikaandika: "Picha za mjukuu wangu zilizopotea. Anatafuta kazi. Mwenye nayo ampe."

Aliporudi kutoka kwenye usaili alisimama mlangoni bila kuvua viatu. Akanieleza kwamba yule mama daktari alitafuta jina lake mtandaoni akapata wasichana wawili, mmoja wa koti na mmoja wa kulala kaunta. Akamgeuzia simu, akamwuliza ni yupi atakayekuja kazini.

"Ukasemaje?"

"Nilisema wote ni mimi, bibi. Ila wa koti nimemwazima."

Ile ya kaunta alimweleza ilivyokuwa: mjomba alikuwa kalazwa, duka analifungua na kulifunga yeye peke yake, mteja akamkuta kapitiwa akampiga picha. Daktari akasema watampigia.

Hakunigombeza, na hilo ndilo lililonitia hofu. Alisema tu kwamba picha hazikupotea, alizifuta mwenyewe, kwa sababu waajiri wanachungulia. Nikamwuliza, kama wanachungulia si bora wakukute? Akasema wanatafuta ubaya. Basi ufunge ukurasa, nikamwambia. Akasema asiye na ukurasa huonekana anaficha kitu.

"Kwa hiyo uwepo lakini usiwepo."

"Hapo sasa umeelewa, bibi."

Sikuwa nimeelewa chochote. Nilikwenda kuanua nguo, nikaanua na zile mbichi.

Simu ililia akiosha vyombo. Akafuta mikono kwenye gauni. Ndiyo mama, asante mama, ndiyo mama, kisha akaketi sakafuni. Kapata kazi. Nilimkumbatia hukohuko chini, magoti yakapiga kelele. Nikamwuliza wamempenda kwa picha ipi, ile ya kukunja mikono au ile ya kukoroma. Hakuambiwa. Alichoambiwa ni kwamba aanze Jumatatu, na kabla ya hapo ukurasa aufunge na kila picha yenye jina lake iondolewe, popote ilipo, kwani wagonjwa hawapendi kumwona mtunza mafaili yao akirukaruka.

Mimi kichwa kikauma upya. Wakati wa kutafuta kazi ni lazima uonekane, ukishaipata ni lazima upotee.

Akaja kuketi ubavuni pangu, akachukua simu yangu, akaanza kufuta. Ikaenda ya harusi, ikaenda ya unga, ikaenda ya kaunta. Akafika kwenye ile tuliyopiga wawili, tunacheka, mapengo yangu yote nje. Kidole kikabaki hewani.

"Na hii, bibi?"

"Hiyo kamwulize daktari wako," nikamwambia. "Huenda akataka kuniona."

Akacheka mpaka akanilalia begani. Kisha akaifuta.