Aliyetangulia Kupanda

“Kama hakuna aliyevunja mila, mbona kijana wako amekonda hivyo?”

Priscah, jirani wa ng'ambo ya ua, aliuliza hivyo mara moja tu, siku Frankline aliporudi kutoka machimbo ya dhahabu ya Osiri akikohoa, suruali ikimvuka kiunoni. Aliuliza akaenda zake. Swali likabaki na Mama Frankline, likala naye, likapiga magoti naye akisali.

Kwao Magunga, mama mwenye boma ndiye hutangulia kupanda. Mke wa mwana akimtangulia, chira, laana ya kuvunja mila, huingia, na mtu hukonda hadi mbavu zionekane. Mama Frankline, mjane, aliliamini hilo kama alivyoamini Zaburi. Sasa mwanawe alikuwa amelazwa Migori, mifupa mitupu. Basi, akawaza, Caren, mkaza mwana wake, mtu pekee aliyebaki naye bomani, alimtangulia.

Caren alipokuja kuchukua nguo za mumewe, akamwambia, “Ungama, nyathina, mwanangu. Ulipanda kabla yangu.”

“Mama, sikupanda.”

“Chira haidanganyi.”

Caren akacheka kicheko kikavu. “Mvua ikinyesha, uwanja unalowa, si ndio? Juzi uwanja ulilowa. Kwani mvua ilinyesha? Si ni mimi nilimwaga maji ya kuoshea dagaa wa omena! Mwenye chira anakonda, sawa. Na anayemeza vumbi la mawe kila siku, ananenepa?”

“Hayo ni maneno ya shule.”

“Wacha shule. Mahindi yako yameota. Kama nilikutangulia, yangu pia yangekuwa yameota. Enda uangalie, Mama.”

Akaenda. Kwake mahindi yalifika kifundo cha mguu. Ng'ambo ya mtaro, kwa Caren, jembe halikuwa limegusa udongo. Magugu ya mwaka jana yalisimama vilevile. Mama Frankline akayatazama sana. Akajua. Akajua pia kwamba akisema “nisamehe,” atakuwa na mtu wa kumwitikia jioni. Akaomba, Bwana, nifungue mdomo.

Aliporudi ndani, Caren alikuwa akikunja shati la mwisho. Akainua uso, akangoja.

Hapo mama akamwona Frankline akilini, kitandani kule Migori. Chira ina dawa: mkosaji huungama, mgonjwa akapona. Kama si chira, je, mwanawe ataponea wapi?

“Labda ulipanda,” akasema, “ndege wakala mbegu.”

Caren akafunga zipu ya begi, akalitia begani, akatoka.