Koti la Absalom

Nilicheka kwanza. Chifu alisimama barazani akatangaza kwamba kampuni moja ya Nairobi itajenga kituo cha kompyuta pale Kogwal, ufuo ulio chini ya soko la Otonglo. Humo zitakaa mashine za kuweka hesabu za mkoa mzima: pensheni za walimu, mbolea za ushirika, bili za maji za watu ambao hata mfereji hawana. Mashine hizo, akasema, husikia joto sana. Lazima zipulizwe baridi mchana na usiku, na maji ya kuzipooza yatavutwa ziwani kwa mabomba. Kogwal wakati huo watu waliwasha koroboi. Nyaya za stima zilipita juu ya vichwa vyao zikaenda zao mjini. Sasa stima ilikuwa inakuja, lakini inakuja kwa ajili ya mashine isitoke jasho.

Kicheko kilinikauka chifu alipoonyesha mahali penyewe kwa fimbo yake. Ni pale kwenye nyasi fupi karibu na maji, ambapo wanawake huanika omena.

Mimi ni Zeituni, Mama Hemedi, mtu wa Kaloleni mjini Kisumu, na nimesomesha watoto kwa hivyo visamaki vidogo. Nilikuwa nikivinunua Kogwal vikiwa vikavu na kuviuza mjini. Lakini shamba lenyewe lilikuwa la rafiki yangu Dorca, mjane wa Absalom. Ukimwondolea Dorca shamba lile umemwondolea chakula, na umewaondolea wanawake wote wa ufuo ule pahali pa kuanikia.

Mzee Dalmas alikuwa kwenye kamati ya ardhi. Alikuwa binamu wa marehemu Absalom, mtu mrefu, mkavu, na mwanawe alikuwa amekwisha ahidiwa kazi ya kulinda lango la hicho kituo. Ndiye aliyesimama kueleza sheria ya kamati.

"Alhamisi sisi tunakuja na watu wa kampuni," akasema. "Pahali tutakuta boma, hatugusi. Pahali hakuna boma, hiyo ni shamba tu, mwenyewe atalipwa."

"Na mimi nikijenga nyumba kesho?" Dorca akauliza akiwa amekaa chini.

"Nyumba si boma, Mama Nico. Wewe ni mke wa hapa, unajua. Kijana wa kwanza anatangulia na shoka na jogoo. Bwana yake anafuata. Mama anakuja nyuma na moto. Nyumba inajengwa siku hiyo hiyo, na moshi inatoka kabla jua kuzama. Bila hiyo, hiyo ni kibanda ya kuku." Kisha akatabasamu kidogo. "Sasa wewe, bwana yako ako wapi?"

Watu waliinamisha macho. Kila mtu pale alijua kisa cha maneno hayo. Absalom alikufa kabla hajatoka kwenye boma la baba yake, kwa hiyo hakuwahi kusimamisha lake. Baada ya matanga, Dalmas ndiye aliyepaswa kumrithi Dorca. Dorca, mtu wa kanisa, alikataa. Alichukua koti la mumewe, koti zito la kijivu alilonunua kazini Reli, akalitundika nyumbani, akasema huyo ndiye mume wake na hataki mwingine. Wazee walibishana mpaka wakachoka, wakakubali. Na Dalmas akabaki mwanamume aliyeshindwa na koti. Mimi nilimtania kwa hilo kila nilipomwona sokoni, na sikuwahi kumwona akicheka.

"Bwana yangu yuko," Dorca akamjibu. "Alhamisi utamwona."

Akaniambia tukiwa njiani kurudi. Koti halikuwa kwake tena. Alikuwa amempa mwanawe Nicodemus, kijana wake wa kwanza, siku alipoitwa kazi ya ukarani mjini, maana ofisi ile haikutaka mtu aingie na shati tupu. Na ofisi yenyewe ilikuwa ya kampuni hiyo hiyo ya kompyuta. Dorca alipompa koti hakujua wanatafuta shamba la nani. Nicodemus naye hakujua. Mshahara wake ndio uliomweka dada yake Adero kwenye chuo cha uuguzi.

"Mwambie aje na koti," Dorca akasema. "Usiongeze neno."

Mimi si mtu wa kutoongeza neno. Kesho yake niliingia ofisini kwao, nikamkuta Nicodemus nyuma ya meza, koti la baba yake limempwaya mabegani na beji ya kampuni imebanwa kifuani. Nikamwambia ya mama yake, kisha nikaongeza yangu: kwamba damu ni nzito kuliko maji, hata hayo maji ya kupoozea mashine zao. Akatazama mlango wa meneja.

"Mama Hemedi, unataka nifutwe? Fees ya Adero atalipa nani, wewe?"

"Nijibu tu. Unakuja ama huji?"

"Nimesikia," akasema, akainamia karatasi zake.

Nilitoka pale nikapanda gari la sokoni. "Nimesikia" si ndiyo, wala si hapana.

Alhamisi alfajiri tulikuwa Kogwal tayari. Wanawake walikuwa wamelundika fito na nyasi za kuezekea kando ya njia, nje ya shamba. Wanaume waliorudi kutoka ziwani hawakulala. Walichimba udongo wakaukanyaga na maji mpaka ukawa laini. Kila kitu kilikuwa tayari na hakuna mtu aliyethubutu kuvuka. Shoka lilikuwa chini, pale lango la boma litakapokuwa. Jogoo mwekundu alifungwa mguu kando yake. Dorca alikaa kando ya kigae cha moto alioutoa jikoni kwake, akiuongezea kinyesi cha ng'ombe kikavu usizime.

"Si mwanao wa pili abebe hilo shoka?" nikamwambia jua lilipopanda. "Mkono ni mkono."

"Akibeba huyo, Nico hatajenga maisha yake yote. Itamletea chira." Hiyo ni laana yao, ya kukondesha mtu mpaka kaburini. "Na hiyo haitakuwa boma. Dalmas ataona."

"Basi tujenge tu, jamani! Nani atakwenda kumweleza mtu wa Nairobi?"

"Mama Hemedi," akasema polepole, "mimi nitalala ndani ya hiyo nyumba. Si mtu wa Nairobi."

Tukangoja. Udongo ukaanza kukauka juu, wanaume wakaumwagia maji tena. Kila gari lililosikika barabarani kuelekea Busia lilitufanya tuinue vichwa. Adhuhuri ikapita. Niliswali kando ya nyavu za kuanikia na sikumbuki nilisoma nini, kwa jinsi roho ilivyokuwa juu.

Landrova ilikuja saa nane na kitu. Akashuka meneja, kijana wa tai na miwani ya jua. Akashuka Kulwant Singh, kontrakta wa Kisumu aliyepewa kazi ya kujenga. Akashuka Mzee Dalmas na wazee wawili wa kamati. Na nyuma kabisa akashuka Nicodemus na futi ya kupimia mkononi, amevaa koti la baba yake katika jua lile.

Hakutazama upande wetu.

Meneja alitembeza macho shambani akafurahi. "Kama mnavyoona, hakuna kitu hapa," akawaambia wazee. "Nyasi tu. Nicodemus, anza kupima kutoka kwa maji."

Nicodemus alipiga hatua kuelekea ziwani. Pale ndipo nilipopasuka. Nikamwita kwa jina lake lote na la babu yake, nikamwuliza kama maziwa aliyonyonya yalikuwa ya kompyuta. Ningeendelea, lakini Dorca alinishika kanga akanivuta chini. Hakupaza sauti hata kidogo, akamwita mwanangu kwa Kidholuo.

"Nico, jua ni kali, nyathina. Hiyo koti haikusumbui?"

Alisimama. Alikuwa ametugeuzia mgongo na niliona jinsi mabega yalivyopanda na kushuka ndani ya lile koti kubwa. Meneja akamwuliza kwani kuna nini. Mtoto mchanga alilia mahali fulani akanyamazishwa haraka kwa titi.

"Mama," Nicodemus akasema bila kugeuka, "Adero amebakisha mwaka moja."

"Najua."

"Mwaka moja tu."

"Mimi sikuiti," Dorca akasema. "Nimeuliza koti."

Kijana aliikunja ile futi taratibu, akaiweka juu ya boneti ya Landrova, vizuri, kama mtu anayerudisha cha wenyewe. Kisha akavua koti. Shati lake lilikuwa limelowa mgongo mzima. Akaja mpaka njiani, akaokota shoka, akamfungua jogoo akamkumbatia kwapani. Koti lilikuwa bado mkononi mwake.

"Nani anabeba Baba?" akauliza.

Hapo hata mimi nilielewa. Kijana mbele, bwana katikati, mke nyuma. Kijana hawezi kujibeba na kumbeba baba yake, na mke habebi mume. Anayemtembeza marehemu lazima awe mwanamume wa ukoo, wa rika lake. Tulikuwa tumepanga fito, nyasi, udongo na chai ya wajenzi. Hilo hatukulipanga, kwa sababu Dorca alilijua tangu mwanzo na hakumwambia mtu. Pale palikuwa na mwanamume mmoja tu wa namna hiyo, na alikuwa amesimama upande wa Landrova.

Macho yote yakamgeukia Dalmas.

Meneja akatazama saa. "Mzee, andikeni tu kwamba hakuna boma, twende."

Nilimwona Dalmas akiwaza kazi ya mwanawe langoni. Nilimwona pia akilitazama lile koti, adui yake wa miaka yote, likining'inia mkononi mwa kijana. Angesema neno moja tu, kwamba koti si mtu, mambo yangeishia hapo, na Dorca angekuwa amejibiwa mbele ya watu wote kama alivyomjibu yeye zamani. Nilijua atalisema. Nilikuwa tayari kumrukia.

"Absalom alinibeba mgongoni nikiwa na malaria," akasema mwishowe, si kwetu, kama anajisemea. "Kutoka hapa mpaka hospitali." Akaja akinyoosha mikono yote miwili, akalipokea koti. "Leta. Na wewe, Mama Nico, shika moto. Umechelewa."

Wakavuka. Nicodemus mbele na shoka na jogoo, Dalmas akifuata amelibeba koti kifuani, Dorca nyuma na kigae chake kinachofuka moshi machoni pake, akilia ama ni moshi. Nicodemus akapiga shoka ardhini, na wanawake wakapasua vigelegele vya kutisha ndege wa ziwani. Tukaingia na fito kwa fujo, kila mtu akipiga kelele kwa kila mtu.

"Hii ni mchezo!" meneja akafoka. "Tulipofika hapakuwa na nyumba!"

"Nilitumwa kuangalia kama iko boma Alhamisi," Dalmas akamwambia, mikono tayari ina udongo. "Alhamisi haijaisha."

Meneja akamgeukia kontrakta. "Bwana Singh, kesho leta trekta, hivi ni vijiti tu."

Kulwant alikuwa ameegemea gari akitafuna muwa wa mtu. Mzaliwa wa Kisumu yule, Kidholuo chake kinapita changu. "Mimi nabomoa godown, nabomoa ukuta, hakuna shida," akasema. "Boma ya jogoo sigusi, boss. Wafanyakazi yangu yote ni watu ya hapa. Hakuna moja atapanda hiyo trekta. Na mimi nataka kuzeeka."

Jua lilituandama vibaya siku ile. Ukuta wa upande wa ziwa ulianguka mara moja tukausimamisha tena. Nyasi za paa hazikutosha, watu wakang'oa za vibanda vyao wenyewe. Nilipaka udongo kwa mikono hii inayohesabu omena tu, nikafungua kinywa kutukana nikakifunga, kwa kuwa kulikuwa na wazee. Moshi wa Dorca ulitoka kupitia nyasi wakati jua limegusa maji, mwembamba sana, na wazee wa kamati wakauona wakaondoka bila kuaga. Dalmas aliingia peke yake, akapigilia msumari ukutani, akatundika koti.

Kampuni ilikwenda kutafuta ardhi kwingine. Nicodemus alifutwa kazi kesho yake, na sitaki mtu aniambie kwamba lilikuwa jambo dogo. Adero alirudi kutoka chuoni na sanduku lake, akauza omena nami kwa muda mrefu, akinuka samaki na akijifunga leso usoni wauguzi wenzake wasimtambue. Alimaliza baadaye, kwa shida. Kaka yake hakupata tena kazi ya meza. Siku nyingine nikimwona akivuta nyavu, moyo huniuma.

Wiki ile ile meneja alimtuma dereva kudai beji ya kampuni. Ilikuwa bado imebanwa kwenye koti. Katika ile ghasia hakuna aliyekumbuka kuitoa. Mimi nilikuwepo. Dorca alikuwa anachambua omena mlangoni, akasogea kidogo dereva apite.

"Iko ndani," akamwambia. "Koti si yangu, ni ya bwana yangu. Ingia umwombe mwenyewe."

Dereva alikuwa mtu wa Siaya. Alichungulia ndani, akaliona koti ukutani, akavua kofia. Kisha akarudi kwenye gari, na beji iko pale mpaka leo.