Komamanga la Tatu

Jani moja tu lilionekana. Kiambaza kizima cha madhabahu, futi kumi na mbili za chuma na shaba ya njano, mizabibu na masuke ya ngano, kilitoka kwenye kioo cha picha cha Bwana Peverell, mpiga picha, kikiwa cheusi tii kama kitako cha sufuria. Lakini kule chini kushoto kulikuwa na jani moja la mzabibu, jeupe, na mishipa yake yote ungeweza kuihesabu.

Sasa nina miaka themanini kasoro miwili na meno yameshaniaga, lakini jani lile nalikumbuka kuliko sura ya marehemu mume wangu, Mungu anisamehe. Ilikuwa Birmingham, mwaka 1863, Jumatatu, saa tano asubuhi. Alhamisi ile kamati ya kanisa kuu moja la kaskazini ingekaa kuchagua karakana ya kuwatengenezea kiambaza chao kipya. Wazee wale hawakuwa na haja ya kupanda treni kuja kuona kazi zetu. Walitaka picha, na picha ilipaswa kuondoka na treni ya barua Jumanne.

Baba yangu, Enoch Gadsby, alikuwa ameingojea kazi ya kanisa kuu maisha yake yote. Wanaume walioshika nyundo kwake aliwaita mafundi. Sisi wanawake wa kung'arisha alituita mikono. "Leteni mikono miwili hapa," alikuwa akisema, tunaenda mimi na Dorcas Pell. Nilikuwa binti yake wa kumzaa, lakini karakanani nilikuwa mkono.

"Haijang'aa vya kutosha," Baba aliamua alipokiona kioo kile. "Sugueni!"

Tukasugua saa mbili nzima mpaka makwapa yakawaka moto. Kioo cha pili kikatoka kibaya zaidi.

"Bwana Gadsby," alisema Peverell, vidole vyake vyeusi kwa dawa, "nimekwambia tangu asubuhi. Njano kwa dawa hii ni giza. Ukiing'arisha, unang'arisha giza."

"Basi dawa yako kipofu!"

"Kipofu, sikatai. Na imebaki ya kioo kimoja."

Baba akakaa kwenye benchi la kwanza la kanisa la Mtakatifu Werburgh, ambamo kiambaza chetu kile kilisimama, kofia magotini. Sikuwahi kumwona amekaa saa za kazi.

Nikakichukua kile kioo cha kwanza, nikamvuta Dorcas pembeni. "Mama Dorcas, jani hili nani alilifuta?"

"Weee! Usinichongee kwa baba yako."

"Nani?"

"Mgongo uliniuma, mwanangu. Nililipaka chaki, kuinama kulifuta nikashindwa. Nani anatazama huko chini?"

Kamera ilitazama. Sisi hung'arisha kwa chaki iliyokorogwa, tunaipaka, tunaiacha ikauke, kisha tunaifuta. Jani la Dorcas lilikuwa bado na chaki yake. Nikaenda kwa Baba, nikamwambia tukipake kiambaza chote chaki na maziwa, na tusikifute.

"Una wazimu, Thirza? Miaka thelathini nawafokea mfute chaki, leo niipake mwenyewe? Wataona shaba yangu imefanywa ukuta wa zizi!"

Nilikiweka kioo juu ya mkono wa koti lake jeusi, maana juu ya kitu cheusi ndipo picha ya kioo husomeka. Akainama. Jani lile alikuwa amelifua kwa mkono wake, majira ya baridi.

"Hiyo ni nyundo yangu," alisema polepole. "Hata alama za nyundo zimo."

Kisha akavua koti. "Ndoo iko wapi?"

Jamani, laiti mngetuona! Enoch Gadsby juu ya ngazi, brashi mkononi, maziwa yakimchuruzika mpaka kwenye viwiko, na Dorcas akimwelekeza kwa sauti: "Hapo umeruka, Bwana! Angalia mikono inavyofanya!" Peverell alicheka mpaka akafuta machozi. Juu ya lango la kiambaza kulikuwa na makomamanga saba ya fedha. Nilipaka sita. La tatu nililifuta kwa aproni mpaka likang'aa kama kioo cha kujitazama, nikashuka ngazi.

Peverell alitoka kwenye hema lake la giza na kioo kibichi, dawa haijakauka. Akaondoa kifuniko cha lenzi. Dakika saba, mtu asitembee, mbao zisitikisike. Nilisimama kando ya kamera na aproni yangu nyeupe, nimenyooka, sijikuni pua wala sijisogezi. Sijawahi kusimama vile tena, hata siku ya harusi yangu.

Tukaingia hemani tukibanana. Peverell akamwaga dawa. Suke likaja. Mzabibu ukaja, jani baada ya jani, nyundo baada ya nyundo. Dorcas alinikumbatia akanivunja mbavu, na Baba, mzee wa kanisa, akapiga kelele hadi kasisi akaja mbio kuuliza nani ameanguka.

Kadi ya picha iliandikwa: kazi ya E. Gadsby, picha ya L. Peverell. Ikaondoka na treni.

Jibu lilifika baada ya siku tisa. Kazi ni yetu. Baba alilisoma kwa sauti mbele ya karakana nzima, mafundi wakagonga nyundo kwenye vyuma mpaka masikio yakaziba. Chini kulikuwa na mstari mmoja zaidi. Kamati iliomba kujua, kwa udadisi tu, ni nani yule bibi anayeonekana ndani ya komamanga la tatu.

Baba alichukua lenzi ya mkono na nakala yetu, akasogea dirishani. Alitazama, akanitazama mimi, akatazama tena. Nilijua nitafokewa. Akavuta kiti, akachovya kalamu, akaandika jibu huku midomo ikimchezacheza. Kisha akanisukumia karatasi niikunje.

"Huyo," alikuwa ameandika, "ni fundi wangu."