Chaki ya Jumatano

Kila asubuhi, kabla hata ya kubandika supu ya miso jikoni, Kiwako Sonobe alipanda mteremko wa nyuma ya nyumba akiwa na kijiti kirefu cha kupikia, akakichomeka kwenye ufa. Alikuwa amepikia watoto wa shule kwa miaka thelathini na moja, na kijiti hicho ndicho alichoondoka nacho siku ya kustaafu. Mwezi wa nne ufa ulimeza theluthi ya kijiti. Mwezi wa tano ukameza nusu. Jumatatu ya mwisho ya mwezi wa sita kijiti kilizama chote, na mkono wake ukakifuata mpaka kwenye kiwiko, na bado hakugusa chini. Aliuchomoa mkono akakaa palepale kwenye majani mabichi.

Ufa huo ulikuwa juu ya mlima wa kifusi. Kampuni moja ilikuwa imemwaga pale udongo wa mjini kwa miaka minne, lori baada ya lori, kisha ikafunga ofisi na simu yake ikawa haipokelewi. Kwenye mteremko, chini yake, kilikuwapo kijiji cha Nezasa, nyumba kumi na moja, na ndani yake wazee watupu. Halmashauri ilisema inafuatilia. Ilikuwa ikifuatilia tangu mwaka juzi, na kwa jinsi ilivyofuatilia ungedhani kifusi ndicho kinachoikimbia. Ndiyo maana wanakijiji wakaunda chama, wakakiandikisha kisheria kuwa chama kisicho cha faida, na Kiwako akawa katibu. Alikuwa na miaka hamsini na tisa, kwa hiyo pale Nezasa aliitwa kijana.

Tabu yake kubwa haikuwa kampuni wala halmashauri. Ilikuwa mama mkwe wake, Tome, mwenye miaka themanini na minane, ambaye aliishi naye nyumba ya pili kutoka juu. Miaka mitatu nyuma halmashauri iliwahamisha wote kwa ajili ya kimbunga, wakalala sakafuni kwenye ukumbi wa michezo wa shule, na kimbunga kikapita mbali hata jani halikutikisika. Mgongo wa Tome haukuwahi kusamehe. Tangu siku hiyo aliapa hatoki tena kwa kelele za kipaza sauti cha halmashauri, ambacho kazi yake ya kila siku ilikuwa kutangaza nyani waliovamia mashamba.

"Televisheni ikisema, nitatoka," alisema Tome. "Yule binti wa saa kumi na mbili akisema Nezasa ihame, mimi wa kwanza mlangoni."

Na majirani wote walimfuata Tome. Akibaki yeye, wanabaki.

Binti wa saa kumi na mbili aliitwa Iwakura, mwandishi wa kituo cha televisheni cha mkoa. Kiwako alimpigia simu mara sita kabla hajaitikia, na Jumamosi alikuja kweli, na kamera yake, akapiga picha ufa, kijiti na daftari la vipimo. Aliahidi habari itatoka Jumanne saa kumi na mbili jioni. Utabiri ulisema mvua kubwa ingeanza Jumanne jioni. Kiwako alihesabu saa akaona zinatosha, ingawa kwa shida.

Lakini Jumatatu asubuhi kijiti kilipozama chote, hofu ikamvuruga. Kituo kimoja aliona hakitoshi. Je, huyo Iwakura akiugua? Je, bosi wake akibadilisha mawazo? Kabatini alikuwa na kijitabu walichogawiwa na kituo cha vyama vya hiari cha mkoa, kinachoeleza jinsi chama kidogo kinavyoweza kufikisha habari zake hewani. Andika ukurasa mmoja, kilisema. Kichwa cha habari kiwe kikubwa. Toa nakala kumi na mbili, peleka kwenye klabu ya waandishi iliyo ndani ya jengo la mkoa, na uombe nafasi ya kuzungumza nao wote kwa pamoja. Kiwako akafuata kila neno kama mapishi.

Klabu ilikuwa chumba cha ghorofa ya tatu, na ukutani kulikuwa na visanduku kumi na viwili, kimoja kwa kila gazeti na kituo. Mwandishi wa zamu mwezi huo alikuwa Bwana Murota, mtu mzima wa gazetini, mpole, shati limekunjamana. Aliipokea karatasi kwa mikono miwili. Alisema desturi yao ni kupewa taarifa siku mbili kabla, hivyo ingekuwa Jumatano saa nane mchana. Akauliza kama mambo yote yamo kwenye karatasi, pamoja na vipimo. Kiwako akasema yote yamo. Murota akachukua chaki, akaandika ubaoni jina la chama, siku na saa.

Kiwako aliinama kumshukuru, kisha akabaki anautazama ubao. Jina la Nezasa lilikuwa chini ya jina la gavana. Alirudi nyumbani kwa basi akiwa mwepesi, na njiani akanunua tofu, ile jibini ya soya, ya kusherehekea.

Jioni simu ililia.

"Bi Sonobe," Iwakura alisema, "umenifunga mdomo."

"Mimi?"

"Jina la chama chenu liko ubaoni. Jumatano, saa nane. Likishaandikwa pale, hakuna anayetoa habari hiyo kabla ya saa hiyo, awe gazeti au televisheni. Ndiyo makubaliano yetu sote. Habari yangu ya kesho imeondolewa."

"Kijitabu hakikusema hivyo."

"Hakuna kijitabu kinachosema. Ni jambo la sisi kwa sisi."

Tofu ilikuwa bado mezani, na Tome akimwuliza kwa ukali kama ni ya kutazamwa au ya kuliwa.

Jumanne alipanda basi la kwanza. Alimkuta Murota amesikia tayari na uso umemshuka. Alisema, kwa kweli, asubuhi ile alikuwa amempigia kila mwanachama wa klabu. Kumi walikubali jina lifutwe. Wawili walikataa, kwa hoja kwamba kama ni kungoja, wote wangoje, kwa nini kituo kimoja kitangulie? Na pale uamuzi ulikuwa wa wote au haupo. Kama halmashauri ingetoa amri ya kuhama, alisema, wangeitangaza amri hiyo dakika ileile. Lakini halmashauri ilikuwa bado inafuatilia.

Kiwako akauendea ubao. Aliufuta kwa mkono wa sweta yake, jina, siku na saa, mpaka chaki ikabaki kama ukungu. Hakuna aliyemzuia. Murota alisimama nyuma yake, na alipomaliza akamwambia polepole, kama mtu anayemwambia mgonjwa, kwamba hata likifutika ubaoni, wote kumi na wawili walikwisha kuliandika kwenye daftari zao.

Saa nane na nusu mchana matone ya kwanza yakaanza kudondoka Nezasa, na wakati huohuo gari la Iwakura likasimama uani kwa Tome. Alikuwa peke yake na kamera begani. Alimnong'oneza Kiwako kwamba amekatazwa kutangaza, lakini kupiga picha hajakatazwa na mtu. Kisha akamgeukia Tome, akamwomba kwa adabu ampige picha akitoka nyumbani kwenda ukumbi wa kijiji, ng'ambo ya kijito.

Tome alimtazama binti wa saa kumi na mbili amesimama mlangoni pake, ameloa, mkubwa kuliko alivyokuwa kwenye kioo cha televisheni.

"Ngoja nivae sweta nzuri," alisema.

Wakatoka. Tome mbele na mkongojo, Iwakura akirudi kinyumenyume na kamera, na majirani kuona hivyo wakakimbilia kubadili nguo. Kabla ya saa kumi nyumba zote kumi na moja zilikuwa tupu, na wazee wako ukumbini wamekaa kwenye mikeka, wanakula matonge ya wali na kuulizana nani alitoka vizuri pichani. Iwakura akaondoka kabla barabara haijafungwa. Alimwambia Kiwako samahani, na Kiwako akamwambia samahani, na hakuna aliyesema waziwazi kitakachotokea wazee wakiwasha televisheni.

Waliiwasha saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Kiwako alikaa nyuma kabisa. Gavana alikuwapo. Bei ya mchele ilikuwapo. Kulikuwa na dubu aliyeingia kwenye duka la viatu, na mvua ikatajwa kwa jumla, mkoa mzima. Wazee walingoja mpaka muziki wa mwisho.

"Hatukutajwa," alisema Tome. "Basi hakuna neno. Kungekuwa na neno, wangesema."

Akaushika mkongojo, akasimama, akaenda mlangoni, akaketi kwenye kizingiti kuvaa viatu. Nyuma yake mikeka ikaanza kukunjwa. Nje mvua ilikuwa haikuachi usikie mtu wa pembeni yako.

Kiwako akapita katikati yao mbiombio, akasimama mlangoni. Akawaambia kwamba televisheni haikusema kwa sababu yake yeye. Akaeleza klabu, chaki na Jumatano.

"Kwa hiyo ile kamera ilikuwa ya kutudanganya," alisema Tome.

"Ndiyo, Mama."

"Nimevaa sweta ya harusini kwa kudanganywa."

Kiwako alitoa daftari la vipimo mfukoni. Akalipekua, akakosa ukurasa.

"Usinisomee," Tome alisema. "Nimezichoka hizo sentimita zako." Akavaa kiatu cha pili. "Nipishe."

"Mama, naogopa."

Aliposema hivyo, daftari likamponyoka. "Jana niliingiza mkono mpaka hapa, sikugusa chini. Naogopa mpaka wali haupiti kooni. Ukirudi nitarudi na wewe, siwezi kukuacha, na tutafia mle ndani wote wawili. Ninaogopa sana, Mama."

Waliokuwa wakikunja mikeka wakaacha. Tome alimtazama mkwewe, kuanzia miguu iliyoloa mpaka usoni.

"Tangu mwezi wa nne unanisomea namba kama karani wa halmashauri," alisema. "Kwamba unaogopa hukuniambia."

"Nilidhani namba..."

"Namba ni za kuwasomea wao. Mimi ungeniambia unaogopa." Akanyoosha miguu mbele. "Nivue viatu. Mgongo hauinami."

Kiwako akapiga magoti. Alivua kiatu cha kwanza, akakiweka kando. Alikuwa amekishika cha pili pale umeme ulipokatika na ukumbi ukawa na kiza cha mvua. Kisha ikaja harufu, mizizi iliyochanika na udongo mbichi, nzito hata mtu mmoja akakohoa. Baada ya harufu ukaja mlio. Ulikuwa kama wa lori linalomwaga mzigo, ule walioujua kwa miaka minne, ila lori hili lilimwaga na kumwaga na halikumaliza.

Liliponyamaza, sauti ya mzee mmoja ikaanza kuita nyumba gizani, moja moja, kutoka ya juu kabisa kuteremka. Kila iliyoitwa iliitika. Ilipoitwa Sonobe, Kiwako alifungua mdomo na sauti haikutoka.

"Tupo," alisema Tome. "Wawili."

Wito ukaendelea mpaka nyumba ya kumi na moja. Kiwako alikuwa bado amepiga magoti na kiatu cha mkwewe kifuani, na hakukiachia mpaka kulipokucha.