Mara Mbili kwa Siku

Siku ile Elina alichanganyikiwa, na anayebisha hakuwepo. Fundi wa vipimo vya maji, cheti kimetundikwa ukutani kwake Somanda, halafu amekaa ukingoni mwa kijito huko Nkoma, kompyuta mapajani, hajui abonyeze nini! Kifaa kilichofungwa kwenye nguzo mtoni kilikuwa na swali moja tu: kipime kina cha maji kila baada ya muda gani? Akiweka kila dakika tano, betri zitakufa kabla masika hayajaisha. Akiweka kwa nadra, betri zitadumu, lakini zidumu kwa faida gani?

Mwaka jana hakujiuliza. Aliweka saa moja asubuhi na saa kumi na mbili jioni, basi. Daftari la zamani la vipimo lilikuwa na nafasi mbili kwa kila siku, kwa sababu mzee aliyekuwa akisoma rula ya kina iliyosimikwa mtoni alipita hapo akipeleka ng'ombe malishoni, na jioni akiwarudisha. Kifaa kipya kilipokuja, Elina alikipangia saa zile zile za ng'ombe.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia kwa Kisukuma mama Monika, mwenye shamba la pamba kando ya mto, aliyekubali kukilinda kifaa.

Monika hakuitikia. Kwa Wasukuma, mtu mzima akiimeza salamu, ujue kuna neno.

"Hicho chuma chako ni mwongo," alisema hatimaye.

"Kimesema nini, mayu?"

"Kimesema mama yangu alikufa kwenye maji ya goti."

Masika yaliyopita Bibi Rachel, mama yake Monika, alichukuliwa na maji pale kivukoni, saa kumi alasiri, akirudi kutoka kumwona mgonjwa. Hilo Elina alilisikia. Asilolijua hadi Monika alipomweleza ni kwamba ripoti yake mwenyewe ilisomwa kwenye mkutano wa kijiji: maji ya siku hiyo hayakuzidi goti, daraja halihitajiki. Watu nao hawana dogo. Mtu mzima azame kwenye maji ya goti? Aa, bibi alikuwa amelewa huyo! Mwaka mzima sasa Monika akienda kisimani, wanawake wananyamaza.

Elina akafungua namba za siku ile. Asubuhi, kifundo cha mguu. Jioni, goti. Akazisoma tena, na tena. Kifaa kilikuwa kizima. Lakini Monika naye alisema aliuona mwili wa mama yake umenasa kwenye tawi la mgunga wa ukingoni, juu kuliko kichwa cha mtu. Sasa nani mwongo? Kwa kukosa la kufanya, akaweka kila dakika tano, betri zife zikitaka, akakaa kungoja.

Saa nane wingu likasimama upande wa vilima. Pale walipokaa halikuanguka hata tone.

"Unakuja," Monika alisema.

"Nini kinakuja? Jua linawaka!"

"Ondoa miguu yako huko, mwanangu."

Mto ulikuja saa tisa na nusu, ukinguruma, mwekundu, umebeba magogo na mabua ya mahindi. Elina alikimbia na kompyuta kifuani, akimwita mama yake. Saa kumi maji yalikuwa yamefika tawi lile la mgunga. Saa kumi na moja yakaanza kunywea kama uji uliotolewa motoni, na saa kumi na mbili mtu mmoja alivuka akiwa amekunja suruali, akiwasalimia kana kwamba hakuna kilichotokea.

Elina akavuta namba za kifaa. Alasiri, mita mbili na nusu. Saa kumi na mbili kamili, goti.

Lo! Mto ulikuwa ukipita katikati ya saa zake, na yeye ndiye aliyezipanga.

"Si chuma, mayu," alisema. "Ni mimi. Mimi ndiye niliyekiambia kipime asubuhi na jioni tu. Kesho naandika ripoti nyingine, waitazame upya habari ya daraja."

Elina alingoja matusi, na angeyapokea.

"Daraja watajua wenyewe," Monika alisema. "Andika kwanza kwamba mama hakulewa."

"Nitaandika."

"Sasa hivi. Nikuone."

Elina akaandika. Rachel Mboje alichukuliwa na maji ya kina kirefu. Hakuwa amelewa. Makosa ya vipimo ni yangu. Monika, asomaye polepole, alifuata kila neno kwa kidole kwenye kioo cha kompyuta, akarudia jina mara mbili.

"Miaka arobaini mama alikuwa Msabato," alisema. "Hata togwa isiyolevya alikuwa akiikataa." Hapo ndipo alipolia.