Sufuria ya Thora Ndani ya Jeti

Tulimzika Norris Kjelstad Jumamosi, na tangu hapo siku moja ya ujana wetu imekataa kunitoka.

Tulikuwa kwenye kikosi cha anga, Dakota Kaskazini. Jeti zetu za kuzuia ndege za adui zilikuwa na kiti kimoja tu, kwa sababu kazi ya mtu wa pili ilifanywa na mitambo. Rada ilimtafuta adui, masanduku yaliyojaa balbu za kioo yakapiga hesabu, na rubani akafuata nukta kwenye kioo. Mimi nilikuwa fundi wa injini. Norris alikuwa fundi wa rada, na jina lake lilichorwa ubavuni mwa ndege, chini ya jina la rubani wetu, Luteni Pruitt.

Rada hiyo ilimtesa. Chini ilifanya kazi vizuri, ikifika juu inazimika. Alibadilisha balbu, akabadilisha nyaya, wapi. Meja akachoka: jaribio la siku hiyo likishindwa, ndege itafunguliwa iwe vipuri vya wengine. Asubuhi nilimkuta Norris akilipangusa jina lake kwa kitambaa, taratibu, kama anayempangusa mtoto pua.

Balbu zile zilitoa joto kali, na wakati wa baridi mafundi wote tulipashia chakula kwenye masanduku ya rada. Norris alikuwa ameibana sufuria ya mkewe Thora, viazi na nyama ya kusaga, kati ya sanduku la rada na ukuta wa ndege. Jaribio tulilitegemea baada ya chakula. Kengele ya jaribio ikalia kabla. Pruitt akapanda mbio, Norris akafunga kifuniko cha ndege kwa haraka, jeti ikapaa.

"Hal," akaniambia, uso umembadilika. "Sufuria yangu."

"Imefanyaje?"

"Imeruka."

"Wee Norris! Umekwisha, ndugu yangu. Meja atakuchinja."

"Meja simwogopi. Ile sufuria ni ya mama yake Thora!"

Tukasimama kando ya redio. Ndege yetu kubwa ya mabomu ilikuwa inakuja ikijifanya adui, imejificha mawinguni. Kisha sauti ya Pruitt: "Nimeinasa! Nukta imetulia tuli!"

Alipotua alishuka akicheka. "Kjelstad, umeilisha nini rada hii?"

Meja naye alikuwa amefika. Norris akafungua kifuniko, harufu ya nyama ikatupiga sote.

"Sajini, hiki ni nini?"

"Chakula cha mchana, bwana."

Pruitt alijishika mbavu. Norris hakucheka. Aliivuta sufuria, akaligusa sanduku, nalo likachezacheza kama jino bovu. Mpira wa kulishikilia ulikuwa umelika. Chini halikutikisika, angani lilirukaruka mpaka balbu zikalegea. Siku hiyo sufuria ilikuwa imelikaba.

"Kumbe ni wewe!" akaufokea mpira.

Meja akakohoa. "Weka mpira mpya. Ndege inabaki. Na sufuria isipande tena ndege ya serikali." Akainama, akanusa. "Uma uko wapi?"

Jina la Norris lilibaki ubavuni pale mpaka kikosi kilipopewa ndege mpya.

Jumamosi, baada ya mazishi, Thora aliweka sufuria ile ile mezani, kwenye ukumbi ulio chini ya kanisa. Ubavu mmoja bado umebonyea, pale ulipobanwa na sanduku.

"Pakua, Hal," akasema. "Safari hii haijaenda popote."

Nikapakua upande uliobonyea.