Hatuna Mpaka Nao

Leo asubuhi, kabla ya basi la shule, nilikuwa namkata babu kucha. Kila Ijumaa lazima akatwe, na lazima nianze na kidole cha shahada cha mkono wa kulia. Zamani nikikosea alikuwa ananivuta mkono. Siku hizi anakitikisa tu kile kidole, kidogo, mpaka nikione.

"Arafa amesema nini?" akaniuliza.

Bibi Arafa ni dada yake, yuko kwetu pwani. Nikamtazama mama. Mama alikuwa anavaa viatu vya kazini.

"Amekupa radhi, baba," mama akasema. "Amesema yameisha."

"Kwa mdomo wake?"

"Kwa mdomo wake."

"Basi niwekeeni nimsikie."

Mama akainama akafunga kamba ya kiatu ambayo alishaifunga.

Kitanda cha babu kiko sebuleni, pale palipokuwa na kochi. Nesi anayekuja kumhudumia anaitwa Kerubo, Mkisii, na akiwa na jambo zito anatuita kwenye korido ya jengo, kwa sababu nyumba zenyewe hapa Columbia Heights, huku ughaibuni, ni ndogo na babu masikio yake bado mazima. Wiki hii alituita. Alisema, "Kama kuna mtu wa kuongea na mzee, aongee sasa. Sauti ndiyo itatangulia kwenda."

Babu kufa haogopi. Anachoogopa ni kwenda bila radhi ya dada yake. Kwetu mtu akijua safari imekaribia anaomba radhi kwa kila mtu, mpaka kwa muuza samaki, na yeye ameshaomba kwa simu kwa wote. Amebaki Arafa peke yake. Na ugomvi wao haukuwa wa shamba wala wa urithi. Ulikuwa wa jimbo.

Kwenye basi nilitafuta tena hilo jimbo kwenye simu. Mtondoo Kusini. Kuna mstari mmoja tu, unasema lilifutwa na eneo lake likaunganishwa na jirani. Mengine yote nimeyajua kwa babu.

Lilikuwa jimbo dogo la uchaguzi, upande wetu wa hori, ule mkono wa bahari. Wabunge wake walikuwa watatu tu katika maisha yake yote. Wa kwanza alifia madarakani, wa pili alihamia Nairobi, wa tatu alikuwa anaonekana kwenye matanga tu. Lilichopata ni wodi ya wazazi isiyo na mlango na barabara inayoishia kwa fundi baiskeli. Lakini babu anasema siku ya matokeo watu walikuwa wanajaa barazani kusubiri redio isome lile jina. Aliyeshinda hawakumjali sana. Walitaka kusikia "Mtondoo Kusini" ikisomwa pamoja na Mombasa na Nairobi, halafu wanaenda kulala.

Bibi Arafa alitaka kuwa mbunge wa nne. Alizunguka nyumba kwa nyumba, akakaa jikoni na wanawake, akaapa kuwa mlango wa wodi ndio kitu cha kwanza. Watu walikuwa wameshamkubali. Ndipo wakaja maafisa wa mipaka ya majimbo kuchukua maoni.

Babu ndiye aliyekuwa mzee wa mtaa, kwa hiyo wageni walifikia kwake. Akawalisha pilau, halwa na kahawa. Walikuja pia wazee wawili kutoka ng'ambo ya hori, nao wakala. Halafu wote wakaenda uwanja wa shule kwenye mkutano, na mkubwa wa wale maafisa akamuuliza babu mbele ya watu, "Mzee Abdulhadi, nyinyi na wenzenu wa ng'ambo mnaonaje, muwe pamoja?"

Wale wazee walikuwa wamekaa hapo mbele, hata mikono yao bado inanukia pilau yake. Sasa mtu amekula kwako, utamwambiaje machoni kwamba unataka mpaka kati yako na yeye? Babu akasema lile linalosemwa na kila mwenyeji, "Hao ni ndugu zetu. Hatuna mpaka nao."

Likaandikwa. Bibi Arafa aliposimama na hoja zake akaambiwa mzee wao ameshasema, akae chini. Ramani mpya ilipotoka Mtondoo Kusini haikuwemo. Arafa akagombea kwenye lile jimbo kubwa. Wa ng'ambo walimpigia makofi kwenye mikutano, halafu wakampa kura mtu wao, na wao ndio wengi. Nilikuwa sijazaliwa. Tangu hapo hajamwita babu kaka.

Baada ya shule sikurudi nyumbani. Nilikwenda mpaka Bloomington, kwenye lile duka kubwa, ambako Anko Faiz, mtoto wa Bibi Arafa, anauza manukato kwenye kijimeza katikati ya njia. Mimi kuongea na watu naona haya, hata na Anko Faiz. Nilizunguka mara kadhaa ndipo akaniona.

"Bubu wetu," akasema. "Umepotea au umetumwa?"

"Nataka namba ya bibi."

"Aa, kumbe sauti unayo. Ya nini?"

"Ya babu. Anataka radhi."

Akaacha kupanga chupa. "Nasima, mimi ni mwanawe wa kumzaa. Nikimtaja tu babu yako, ananiambia mtandao mbaya, anakata."

"Mama anamwambia babu ameshasamehewa."

"Na yeye anaamini?"

"Hapana."

"Anamjua dada yake." Akachukua simu yangu, akaniandikia namba. "Mlangoni kwake mpaka leo pameandikwa Mtondoo Kusini, rangi ya kijani. Ikififia anamwita mtu apake tena. Watoto wa pale wanamwita mheshimiwa, wanamcheka, na yeye anaitika."

Nikaangalia chini.

"Sikiliza," akasema. "Aliwahi kunipa sharti. Alisema babu yako alinena kwa mdomo wake, basi akanushe kwa mdomo wake. Aseme, nilikosea, mpaka ulikuwepo. Maneno matatu tu. Akiyasikia hayo, radhi anatoa."

Njia nzima kurudi nilikuwa nayarudia yale maneno, nisije nikayaharibu mimi.

Nilimkuta Kerubo anambadilisha babu shuka. Nikamwambia babu sharti lote, pole pole, mdomo wangu karibu na sikio lake. Akafumba macho, akaitikia kwa kichwa.

"Ni haki yake," akasema. Ilikuwa sauti ndogo sana. "Washa."

Kerubo akamwinua kwa mto. Nikashika simu, nikaanza kurekodi. Babu akakohoa kidogo, kile kikohozi chake cha mikutanoni, akajaribu kukaa sawa.

"Assalamu alaykum, dada yangu Arafa. U hali gani. Watoto hawajambo. Majirani hawajambo."

Akapumzika. Nikamnong'oneza, "Babu, nilikosea."

Akaitazama simu kama vile mna watu ndani wamekaa wanamsubiri. Nilimwona anatafuta. Midomo ikatangulia, sauti ikafuata nyuma.

"Na wenzetu wa ng'ambo," akasema, "wasalimie sana. Hao ni ndugu zetu. Hatuna mpaka nao."

Halafu akamgeukia Kerubo, akatabasamu, kama mwenyeji aliyemaliza salama.

"Mzee ameongea poa sana," Kerubo akasema. Hajui lolote, maskini.

"Babu, turudie," nikamwambia. "Siyo hayo. Babu."

Alikuwa ameshalala. Alipoamka, mama amerudi, midomo ilikuwa inacheza na hakuna kinachotoka. Kerubo akamshika kifundo cha mkono, akatuangalia, akatuita kwenye korido. Hakuwa na haja.

Niliwaza kuikata ile rekodi. Lakini nikiikata inabaki salamu tu, na salamu Bibi Arafa hakuiomba. Mama akasema nisiitume kabisa, nitamuua na yule kule. Akaingia chumbani. Nikakaa karibu na kitanda. Babu alikuwa ananitazama, kile kidole cha shahada kinatikisika juu ya shuka, na nilijua anauliza nini.

Nikaituma nzima. Chini yake nikaandika:

"Bibi, mimi ni Nasima. Hii ndiyo sauti ya babu ya mwisho, hana tena. Nilimwambia aseme alikosea, na alikuwa anataka. Alipoanza kuongea yakatoka yale yale, kwa sababu alidhani kuna wageni. Mimi nasema badala yake. Alikosea. Mpaka ulikuwepo. Yeye bado anasikia. Sema kitu chochote bibi, hata jina lake tu, nimwekee sikioni."

Kule kwao kumeshakucha. Picha yake ni ule mlango wenye maandishi ya kijani. Alama za kusomwa zimekuwa bluu, na kile kipaza sauti kidogo kimekuwa bluu pia, maana yake ameisikiliza.

Babu hajalala. Simu nimeiweka juu ya mto wake, karibu na sikio, sauti nimeifungua yote.